Simu ya deni ikilia, tujibu namna gani?



Munajua namna mwaka unavyokwenda huku kwetu kandokando ya ziwa Moero. Mwezi wa kumi na moja mvua inaanguka, tunatafuta mbegu na mbolea, na wengi tunakopa. Mwezi wa kwanza mpaka wa tatu ghala ni tupu, na katika sehemu ya wakati huo ziwa nalo limefungwa kwa uvuvi, tunakopa tena kwa kula. Mwezi wa tano mahindi yanaingia nyumbani, na wenye kudai wanaanza kuita. Mvua ikienda vibaya, mavuno hayatoshi, na simu hazikomi.

Somo la leo ni juu ya simu hizo. Tulitunga mfano mmoja kutokana na mambo ambayo wanamemba wanatueleza kila mara katika mikutano.

Ni mwisho wa mwezi wa nane. Mama mmoja wa Kilwa yuko anaanika mihogo. Simu inalia, namba haijulikani.

— Allo, ni mama wa koperative?

— Ndiyo, ni mimi.

— Tuko naita toka Lubumbashi. Uko na deni yetu, franka elfu mia saba. Ulipe leo, ao kesho tunatuma polisi banakuya kukukamata.

— Baba, sikia kwanza...

— Hakuna ya kusikia. Ukituma elfu mia tatu na makumi tano leo mbele ya saa kumi, tunafuta yote. Andika namba.

Mama anatetemeka. Mbele ya jua kutua anaita mchuruzi, anauza mifuko ya mahindi, ya kula pamoja na ya mbegu, kwa bei anayotaka mchuruzi. Anatuma pesa kwa simu. Miezi miwili kisha, mtu mwingine anaita: deni bado liko, imebaki nusu.

Mama huyu hakukosea kutaka kulipa. Deni ni la kulipa. Lakini hakujua amemlipa nani, amelipa nini, na kama deni limeisha. Alilipa woga wake. Sisi tunataka kila mwanamemba alipe deni lake kwa karatasi.

1. Kwanza, ujue ni deni la aina gani

Huku kwetu kila pesa ya mtu mwingine tunaiita deni, nkongole. Lakini mbele ya sheria haziko sawa. Angalia aina tatu.

*Mkopo wa kawaida.* Ulikopa pesa, mbegu ao mbolea, ukaahidi kurudisha na faida. Inaweza kuwa kwa shirika la mikopo midogo, kwa COOPEC, kwa kikundi cha AVEC ao kwa mchuruzi. Ukishindwa kulipa sababu mvua imeharibu shamba, hiyo ni kesi ya madai, si kosa la jela.

*Banque Lambert*, ile ndugu zetu wa upande wa Zambia wanaita kaloba. Hapa faida inakula mtu. Tuseme umekopa franka 100 000 kwa faida ya nusu kila mwezi. Ukilipa faida tu, franka 50 000 kwa mwezi, kisha miezi mitano umetoa franka 250 000, na zile 100 000 za kwanza bado unadaiwa zote. Deni la namna hii ndilo la kumaliza mbele ya mengine, hata kama mwenyewe haiti kwa ukali.

*Pesa ya kuaminishwa.* Mchuruzi wa Lubumbashi anakupa dola umnunulie mahindi, wewe unajengea nyumba. Ao wewe ni kesie wa kikundi, unakula sanduku. Huu si mkopo. Sheria ya makosa ya Kongo, katika kifungu cha 95, inaita kitendo hiki *abus de confiance*, na mtu anaweza kufungwa. Kama uko katika hali hii, usingoje simu. Mwendee mwenye pesa pamoja na mashahidi, mupatane mapema.

Kwa nini tunakazia jambo hili? Sababu kuna wenye kudai ambao wanachukua mkopo wa kawaida na kuuvalisha nguo ya *abus de confiance*, ili polisi ikubali kumwita mkulima. Ukijua tofauti, unaweza kusema wazi: "Mimi nilikopa, karatasi ya mkopo ni hii. Hakuna aliyeniwekesha pesa yake."

2. Wakati simu inalia

Usifunge simu wala usitupe kadi ya laini. Mtu anayekimbia anaonekana kama mwizi, na deni linaendelea kukomaa. Lakini pia usiahidi kitu siku ileile. Jibu kwa upole, uwe na kalamu mkononi, uulize maswali matano:

— Wewe ni nani, na unaita kwa jina la shirika gani?

— Deni ni la mkopo wa tarehe gani, na karatasi gani nilitia sahihi?

— Nilikopa ngapi, nimekwisha kulipa ngapi, na hii faida ao faini inatoka wapi?

— Kama wewe siye uliyenikopesha, iko wapi barua inayokupa ruhusa ya kudai kwa jina lake?

— Ninaweza kupata hesabu yote kwa maandishi, kupitia koperative?

Kisha sema: "Nimesikia. Nitaangalia karatasi zangu, na nitakujibu siku fulani." Taja siku ya kweli, na siku hiyo umjibu. Andika katika kaye tarehe, saa, namba iliyoita na maneno yaliyosemwa.

Mwenye kudai wa kweli atajibu maswali hayo, hata kama kwa hasira. Mwongo atapiga kelele, atasema muda umeisha. Uangalie sana: kuna watu wanaojua tu kwamba koperative ilipata mikopo, wanaita ovyoovyo wakitumaini kukuta mwenye woga. Usitume pesa kwa namba ya mtu binafsi unayesikia mara ya kwanza. Ita namba iliyoandikwa katika karatasi yako ya mkopo, ao mtafute ajenti aliyekukopesha. Namba ya siri ya M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money usimpe mtu yeyote. Hakuna anayeihitaji ili akupokee deni.

3. Fanya hesabu mbele ya kuzungumza

Turudi kwa mama yetu. Tuseme safari hii hakuuza mahindi. Alikwenda kwa sekretere wa koperative na karatasi zake, wakaketi chini ya mti, wakahesabu:

— Mwezi wa kumi na moja alikopa: franka 500 000.

— Faida iliyoandikwa mpaka mwezi wa tano: franka 100 000. Jumla: 600 000.

— Mwezi wa tano alilipa, na resi iko: franka 150 000. Imebaki 450 000.

— Karatasi inasema faini ya kuchelewa ni 2 kwa mia kila mwezi juu ya deni lililobaki: franka 9 000 kwa mwezi. Kwa miezi mitatu: 27 000.

— Deni la kweli: franka 477 000.

Aliyeita alidai 700 000. Kwa hiyo franka 223 000 hazina karatasi. Labda wataziita gharama ya safari, ao "kazi ya ofisi". Mama ana haki ya kuuliza zimeandikwa wapi. Na kama hazikuandikwa, anasema: "Hizo sikuzikubali, sizilipi."

Angalia tena: bila ile resi ya franka 150 000, mama angekuwa na neno la mdomo tu. Resi ndogo iliyowekwa ndani ya plastiki, mbali na panya na mvua, inaweza kuokoa mifuko mingi ya mahindi. Ukilipa kwa simu, usifute ujumbe. Nakili namba yake katika kaye siku hiyohiyo.

Hesabu ya pili ni ya nyumba: ninaweza kulipa ngapi bila kuua mwaka unaokuja? Ondoa kwanza chakula mpaka mavuno, mbegu za mwezi wa kumi na moja, minerval ya mtoto wa sekondari na dawa. Kinachobaki ndicho cha kuzungumza nacho. Mkulima anayeuza mbegu ili alipe deni atakopa tena mbegu, na deni linarudi kwa mlango wa nyuma.

4. Wakikuambia: "Lipa nusu, tunafuta yote"

Neno hili si mtego kila mara. Aliyekopesha anaweza kuona ni afadhali kupata kidogo leo kuliko kungoja miaka. Kwa mama yetu, kulipa 350 000 mahali pa 477 000 ni kusamehewa franka 127 000. Ni jambo zuri, kama ni la kweli. Linakuwa mtego wakati halina maandishi: wanapokea nusu, wanaiandika kama malipo ya kawaida, na nusu nyingine inabaki inazaa faida.

Kwa hiyo, barua mbele ya pesa. Mapatano yanapashwa kuonyesha: majina ya pande zote mbili, mkopo wa tarehe gani, pesa ngapi, siku gani, kwa njia gani, na maneno haya wazi: "Kisha malipo haya deni lote limeisha, hakuna kitu tena cha kudai." Sahihi ya mwenye kudai ao ya mtu aliye na ruhusa yake, sahihi yako, sahihi za mashahidi wawili. Kama ni shirika, na muhuri wake. Mtu ambaye hajui kusoma, asomewe kwa lugha anayoielewa na mtu wake mwenyewe, si na yule anayedai. Malipo ya mwisho yakiisha, omba karatasi ya kuonyesha umemaliza, na urudishiwe kila kitu ulichoweka rehani.

"Leo mbele ya saa kumi" si sheria ya mtu yeyote. Wewe pia unaweza kuleta pendekezo lako. Mama yetu, kwa msaada wa komite, aliandika hivi:

*"Ninakubali kwamba katika mkopo wa mwezi wa kumi na moja ninabaki na deni. Kwa hesabu yangu ni franka 477 000. Mulisema munakubali 350 000 kwa kumaliza. Siwezi kuzilipa leo. Nitalipa 200 000 mwisho wa mwezi wa tisa, nikiisha kuuza mihogo, na 150 000 mwisho wa mwezi wa kumi, nikiisha kuuza karanga. Ninaomba munijibu kwa maandishi mbele ya malipo ya kwanza."*

Ahadi hii inafuata soko na shamba lake. Usiahidi pesa ya mwezi wa pili, wakati mahindi yangali mabichi. Usiuze shamba lililosimama kwa bei ya njaa ili ufurahishe sauti ya simu. Na usikope banque Lambert ili ulipe shirika la mikopo. Huko ni kutoka mvuani na kuingia ziwani. Ukiona siku uliyoahidi haitawezekana, ita wewe wa kwanza, mbele ya siku kufika.

5. Polisi, tribinali na wisie

Neno linalotisha kuliko yote ni "polisi". Tuseme wazi mambo manne.

Moja: kushindwa kulipa mkopo peke yake hakumpeleki mtu jela. Nchi yetu iliingia mwaka 1976 katika mapatano ya kimataifa juu ya haki za raia na za siasa, na kifungu cha 11 kinakataza kumfunga mtu sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Kazi ya polisi si kukusanya madeni.

Mbili: Katiba ya 2006, kifungu cha 17, inasema mtu hakamatwi kwa kosa la mtu mwingine. Bwana akikimbilia Zambia na deni lake, hawana ruhusa ya kumfunga bibi, mtoto ao mzee wake ili arudi.

Tatu: ukipata konvokasio, usikimbie. Nenda na karatasi zako na mtu wa komite. Eleza kwamba ni mkopo. Usitie sahihi katika PV ambayo hujasomewa, wala katika karatasi inayokubali deni kubwa kuliko hesabu yako. Kifungu cha 18 cha Katiba kinasema kushikwa kwa polisi hakupiti saa 48. Kisha wanakuachilia ao wanakupeleka mbele ya mwenye mamlaka ya sheria. Ndiyo, tunajua kwamba mara nyingine mkulima anashikwa kwa deni tupu, na anaombwa pesa ili atoke. Ndiyo sababu tunasema usiende peke yako, na watu wa nyumbani wajue saa uliyoingia.

Ine: mwenye kudai anaweza kweli kukushitaki katika tribinali. Hiyo ni haki yake. Tangu mwaka 2012 Kongo iko ndani ya OHADA, na sheria ya OHADA inamruhusu kuomba kwa juji amri ya kulipa. Amri hiyo inaletwa na wisie wa tribinali. Hii haiko kama simu! Karatasi inaonyesha siku ambazo uko nazo za kupinga. Ni chache, na zinaanza kuhesabiwa tangu uliipokea. Ukikaa kimya, amri inaweza kupata nguvu, na wisie anaweza kurudi kukamata mali. Lubumbashi ni karibu kilomita 350 kutoka Kilwa, na munajua barabara wakati wa mvua. Kwa hiyo siku ileile ulete karatasi hiyo kwa komite, mutafute mwanasheria ao shirika la haki za watu.

Lakini bila karatasi ya tribinali, na bila wisie, mwenye kudai hana ruhusa ya kuingia kwako na kubeba mbuzi, baiskeli ao mahindi, hata kama amekuja na vijana wenye nguvu.

6. Shida hii si ya Kilwa peke yake

Tukiangalia jirani zetu wanaosema Kiswahili, tunaona wao pia wameumia, na wameanza kujilinda. Kenya, watu waliokopa kwa simu walikuwa wanaaibishwa: mwenye kudai anaita rafiki, mkubwa wa kazi, hata mkwe, kuwaambia fulani ana deni. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitoa kanuni zinazokataza wakopeshaji hao kutisha, kutukana na kutangaza habari za mwenye deni. Tanzania mikopo ya faida kali wanaiita "kausha damu", na mwezi wa kumi na moja 2024 Benki Kuu yao ilitangaza programu 69 za simu zilizokuwa zinakopesha bila ruhusa.

Sisi huku Kongo, mashirika ya mikopo midogo na COOPEC yanasimamiwa na Banque Centrale du Congo. Mbele ya kukopa, uliza: munayo ruhusa yake? Na kama ajenti anakutukana ao anakutangaza sokoni, koperative inaweza kuandikia wakubwa wake barua. Ajenti anaweza kudharau mama mmoja. Barua yenye sahihi makumi ine haidharauliwi vivi hivi.

7. Kazi ya koperative

Deni linaua mtu akiwa peke yake. Wengi wanaficha sababu ya haya, mpaka siku shamba limeuzwa. Tunaomba kila komite ifanye mambo haya mbele ya mvua kuanza:

— Kuchagua watu wawili, mwanamke na mwanaume, wanaojua kusoma na kutunza siri, ili wanamemba wawaletee karatasi zao.

— Kuweka fotokopi ya kila mkataba na kila resi katika sanduku la koperative.

— Kusoma tena mikataba ya kikundi. Pale ambapo wanamemba walitia sahihi ya kubebana, mmoja akikimbia, wengine wanalipa. Ni afadhali kikundi kijue mapema nani ameshindwa, kizungumze kwa jina lake, kuliko kusubiri.

— Kutenganisha deni la koperative na deni la mtu. Prezida akikopa kwa jina lake, koperative hailipi. Koperative ikikopa, angalieni ndani ya statuti wanamemba wanabeba mpaka wapi.

— Kutoruhusu mtu kutangaza madeni ya mwingine katika mkutano. Tunasaidia, hatuaibishi.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kati yetu nani amewahi kulipa deni bila kupewa resi? Ilikuwa namna gani kisha?

2. Mchuruzi alikupa franka umnunulie mahindi, mtoto akagonjwa, ukazitumia kwa hospitali. Hii ni mkopo ao pesa ya kuaminishwa? Utafanya nini kesho asubuhi?

3. Wawili wasimame, mmoja awe anayedai, mwingine mwenye deni. Muigize simu. Wengine wasikilize: maswali matano yameulizwa yote? Kuna ahadi iliyotoka kwa woga?

4. Kila mtu aandike, ao aandikiwe, madeni yake yote katika ukurasa mmoja: kwa nani, ngapi, faida gani, mwisho lini. Lipi litalipwa la kwanza, na kwa mavuno gani?

Ukimaliza kusoma, usikunje gazeti hili uliweke. Msomee jirani ambaye simu yake inalia na hataki kuipokea.